Dondoo muhimu: Kuliandaa gari kwa Mlima Kitonga
Gari linaloteremka Mlima Kitonga, katika barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, hutegemea breki kuliko kitu kingine chochote, na kwa hiyo ukaguzi uanzie hapo. Mafuta ya breki, yaani kimiminika kinachopeleka msukumo wa pedali hadi kwenye magurudumu, hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka huchemka mapema breki zinapopata moto, mvuke ukajaa ndani ya mabomba na pedali ikazama bila gari kusimama, hivyo ni busara kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hivi. Maji ya rejeta yakaguliwe injini ikiwa imepoa. Gia ndogo iingizwe kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe izuie mwendo. Kuteremka kwa gia huru, eti kubana mafuta, ni ubahili wa hatari.