Kutoka Mto Ugalla Hadi Sitalike: Katavi kwa Mpenda Madaraja

Wageni wengi huja Katavi kwa ajili ya viboko na nyati. Ukiwa na jicho la vyuma na mito, pangia safari yako madaraja pia, na uje kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika barabara nyingi za udongo hazipitiki.

Ukiweza, ingia kwa treni. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi ya Uruwira. Uchimbaji ule ulikoma, reli ikabaki kubeba watu na mazao. Treni huacha njia ya Kigoma pale Kaliua, hushuka kusini, huvuka mto Ugalla na kupita Katumba. Siku za safari hubadilika, kwa hiyo ulizia stesheni ya Tabora kabla ya kufunga mizigo.

Kokote nchini utakapokuta daraja la chuma lililoundwa kwa pembetatu, simama ulitazame kwa ubavu. Fremu ya pembe nne ukiisukuma hulala upande. Ya pembe tatu hailegei mpaka chuma chenyewe kipinde au kikatike. Lori likipita, vyuma vya juu hubanwa na vya chini huvutwa, na vile vya mshazari hupeleka uzito kwenye nguzo za kingoni. Kisha inama uangalie daraja linapokalia nguzo. Mara nyingi ncha moja imefungwa na nyingine imeachiwa nafasi ya kuteleza, kwa sababu chuma cha mita 30 hurefuka karibu sentimita moja joto likipanda nyuzi 30.

Madaraja ya chuma ya kuunganisha, yanayoletwa haraka mafuriko yakibomoa njia, yanatokana na kazi ya Mwingereza Donald Bailey, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Paneli yake moja ilikuwa na urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita waliibeba, wakaipachika kwa pini, bila kuhitaji winchi. Kwangu mimi huo ndio uhandisi unaofaa nchi yenye mito inayofurika ghafla.

Kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike ni kilomita 35 hivi kuelekea kusini, na hapo ndipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Barabara inavuka mto Katuma, na viboko huonekana kutoka darajani. Egesha mbali na lami, kaa darajani, usiteremke ukingoni: kiboko akiwa nchi kavu humkimbilia yeyote anayemzibia njia ya maji. Jioni huwa wanatoka kwenda malishoni, basi uwe umeshaondoka.

Kiangazi Katuma hupungua sana, na mashamba ya mpunga ya juu ya mto yamechukua sehemu ya maji yake. Viboko hujazana kwenye madimbwi machache, hasa Ikuu, ndani ya hifadhi. Lipia kiingilio Sitalike, kisha nenda huko mapema. Vaa rangi ya kaki, epuka buluu na nyeusi, maana mbung'o huzifuata, na ufunge vioo unapopita porini.