Je, Yafaa Kwenda Kupunga Upepo Wakati wa Maradhi ya Kuenea?

Tangu tarehe 8 Aprili 2020 mpaka tarehe 7 Julai mwaka huohuo, mtu wa Mombasa, Kilifi au Kwale hakuhitaji kujiuliza kama yafaa kwenda Nairobi kutembea, wala mtu wa Nairobi hakuhitaji kujiuliza kama yafaa kushuka pwani. Serikali ilikuwa imekwisha kumjibu. Njia zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na polisi walisimama barabarani. Lakini njia zilipofunguliwa ugonjwa ulikuwa bado upo, na hapo ndipo swali lilipohamia mlangoni kwa kila mwenye nyumba. Treni ya kwenda Mombasa ilianza tena tarehe 13 Julai, ndege za ndani ya nchi siku mbili baadaye, na ndege za nchi za nje tarehe 1 Agosti. Watu wengi walidhani kwamba kupewa ruhusa ya kusafiri ni sawa na kuambiwa kuwa hapana hatari. Sivyo. Ruhusa husema tu kwamba msafiri hatashtakiwa. Haisemi kama safari yake itamdhuru mtu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha, na leo kila mtu asafiri apendavyo. Hata hivyo maradhi ya namna hii huja tena. Homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara pamoja na abiria wa reli. Kwa hiyo yafaa tulifikirie jambo hili sasa, wakati ambapo hakuna mtu aliyekwisha kununua tikiti.

Kwanza tutenge safari za namna mbili. Iko safari ambayo haiwezi kungoja: kumpeleka mgonjwa hospitali, kuzika, kwenda kazini, kumtazama mzazi aliyebaki peke yake. Na iko safari ya starehe, yaani kwenda kupunga upepo, kuona wanyama mbugani, kuogelea, au kwenda nyumbani bara wakati wa Krismasi kwa sababu tu imekuwa desturi. Tofauti yao si kwamba ya kwanza ni njema na ya pili ni upuuzi. Baba aliyekaa miezi minne na watoto watano katika chumba kimoja hawezi kuambiwa kwamba mapumziko ni upuuzi, na aambiaye hivyo huenda anaishi katika nyumba yenye bustani. Tofauti ni hii tu, kwamba safari ya starehe yaweza kuahirishwa. Bahari haitakauka. Basi mtu ajiulize: nikiiahirisha safari hii miezi miwili, ni nani atakayeumia? Na nisipoiahirisha, ni nani awezaye kuumia?

Hesabu ya siku

Wengi hujibu swali hilo kwa kujitazama wenyewe. Husema, "Mimi ni mzima, sina kikohozi, sina homa, naweza kwenda." Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na yatupasa tulieleze polepole.

Korona haimwonyeshi mtu dalili siku ile inapomwingia. Mwanzoni mwa janga madaktari waliona kwamba dalili hutokea baada ya siku 2 mpaka 14, na kwa watu wengi karibu siku ya 5. Tena waliona jambo lililo baya zaidi: mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajiona mgonjwa. Wako pia walioambukizwa wasione dalili yoyote mpaka mwisho.

Tuseme yuko karani mmoja mjini Nairobi. Siku ya Alhamisi amekaa ofisini na mwenzake ambaye ana virusi bila kujua, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Ijumaa usiku karani huyu apanda basi pamoja na mkewe na watoto. Jumamosi aogelea, ala samaki, alala vizuri. Jumapili familia yaenda Likoni kumwamkia shangazi yake, mama wa miaka 70 mwenye ugonjwa wa sukari. Wakaa sebuleni wakila na kuzungumza mpaka magharibi. Jumatatu wapanda basi kurudi. Jumanne karani aamka ana homa. Aihesabu safari yake na kusema, "Ugonjwa huu nimeupata basini." Lakini kwa hesabu ya madaktari aliupata Alhamisi, na Jumapili ile, alipokuwa mzima kabisa machoni pake na machoni pa watu, alikuwa amekwisha kuanza kuutoa. Shangazi ataugua mwishoni mwa juma. Na karani huyu hakusema uongo, wala hakuvunja amri yoyote.

Kama angalipimwa Ijumaa kabla ya kuondoka, kipimo kingaliweza kusema hana ugonjwa, kwa kuwa virusi vilikuwa bado havijaongezeka mwilini vya kutosha kuonekana. Cheti cha kupimwa kilikuwa na faida, lakini kilieleza hali ya saa ile tu. Hakikuweza kueleza hali ya kesho kutwa. Chanjo nayo, ambayo ilifika Kenya kwa mara ya kwanza tarehe 3 Machi 2021, iliwakinga watu wengi wasiugue sana wala wasife, na aliyeikataa alijinyima ngao nzuri. Lakini haikumzuia kila mtu kupata virusi na kuvipeleka kwa mwingine. Hilo lilionekana wazi ilipokuja namna ya Omicron mwishoni mwa mwaka 2021, ambayo pia ilifupisha siku za kujificha zikawa karibu tatu.

Si maradhi yote yaliyo na tabia hii. Mgonjwa wa Ebola hawaambukizi watu kabla hajaanza kuugua, na kipindupindu hupita hasa katika maji na chakula. Kwa hiyo ugonjwa mpya unapotokea, habari ya kwanza ya kutafutwa kwa madaktari ni hii: mtu huanza kuambukiza lini, na kwa njia gani? Asiyejua jibu hilo hawezi kuipima safari yake.

Mambo yaliyotokea Ulaya

Uko mji mdogo katika milima ya Austria uitwao Ischgl. Wakazi wake ni kama 1,600 tu, lakini kila mwaka wageni wengi sana huenda huko kuteleza juu ya theluji, na jioni hujaa katika baa, wakiimba na kucheza bega kwa bega. Mwanzo wa Machi 2020 nchi ya Iceland iliona kwamba watu wake waliorudi kutoka huko walikuwa na Korona, na tarehe 5 Machi ikautaja mji huo kuwa mahali pa hatari. Hata hivyo starehe iliendelea siku kadhaa zaidi. Tarehe 13 Machi bonde lote lilifungwa, na wageni wakaambiwa waondoke. Wakaondoka kwa haraka na kwa msongamano, wakauchukua ugonjwa mpaka Ujerumani, Denmark, Norwei na kwingineko. Mwezi wa Aprili wakazi wa mji walipopimwa damu, watu 42 katika kila 100 walikutwa na alama za kuwa wamekwisha kupatwa na ugonjwa, na wengi wao hawakuwa wamegunduliwa kabla ya hapo.

Majira ya joto ya mwaka huohuo yalileta fundisho jingine. Namna moja ya virusi ilionekana Hispania, na baada ya miezi michache ikawa imeenea katika sehemu kubwa ya Ulaya. Wataalamu walipoichunguza hawakupata ushahidi kwamba ilikuwa na nguvu kuliko nyingine. Kilichoieneza ni watu waliokwenda Hispania kuota jua wakarudi kwao. Uingereza iliwaamuru waliotoka Hispania wajitenge siku 14 tangu tarehe 26 Julai, lakini wengi walikuwa wamekwisha kurudi.

Kwetu pia wataalamu wa Kilifi walivichunguza virusi vya pwani, wakaona kwamba viliingizwa mara nyingi kutoka nje, wala si mara moja, na kwamba Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa. Hatuwezi kusema ni wangapi kati ya walioviingiza waliokwenda kwa starehe na wangapi kwa kazi. Virusi havikuuliza.

Habari ya wenyeji

Sasa twafika penye ugumu. Wako wasemao kwamba kutokwenda ni ukatili vilevile, nao hawasemi upuuzi. Mwaka 2019 wageni kutoka nchi za nje waliokuja Kenya walizidi milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika 600,000. Nyuma ya tarakimu hizo wako mpishi wa hoteli ya Diani, dobi, kijana wa mashua ya Watamu, mama auzaye mahamri nje ya kituo cha basi, na mchonga vinyago. Hawa hawakupata mshahara wa kukaa nyumbani. Mgeni asipokuja, chungu hakipandi mekoni. Mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi aliyesema kwa wepesi, "Watu wasisafiri kamwe," alikuwa akitoa sadaka kwa mali ya mwingine.

Lakini kijana huyohuyo wa mashua ana mama nyumbani. Janga lilipoanza, vitanda vya wagonjwa mahututi katika Kenya nzima, yenye watu milioni 47, vilikuwa 500 na kidogo, na kaunti nyingi hazikuwa na hata kimoja. Mgeni wa Nairobi akizidiwa aweza kurudi Nairobi. Mwenyeji wa Lamu aliyezidiwa wakati ule alikuwa na safari ya mashua, kisha ya gari au ya ndege, kabla hajafika penye mtambo wa kumsaidia kupumua. Kwa hiyo mgeni huleta riziki kwa mkono mmoja na hatari kwa mkono wa pili, na anayeibeba hatari hiyo si yeye. Ndiyo sababu swali lisiwe kwenda au kutokwenda tu, bali ni wakati gani, na kwa namna gani.

Wakati gani? Usitazame hesabu ya wagonjwa peke yake, maana wakipimwa wachache wataonekana wachache. Tazama ni wangapi wanaokutwa na ugonjwa katika kila watu 100 waliopimwa. Mwezi wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliziambia serikali kwamba hesabu hiyo ibaki chini ya 5 kwa muda wa siku 14 kabla ya kulegeza masharti. Kwetu, katika Januari 2021 ilikuwa karibu 2; mwezi wa Machi ikapanda hadi 22. Aliyezisoma tarakimu hizo katika magazeti hakushangaa tarehe 26 Machi, siku saba kabla ya Ijumaa Kuu, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilipofungwa, zisifunguliwe mpaka tarehe 1 Mei. Wako waliokuwa wamekwenda kwa siku tatu wakakwama nje ya mipaka hiyo, fedha zikawaishia. Tarakimu zinapopanda, ahirisha. Na kama umekwisha kulipa arbuni, usiidai irudishwe ukiweza kujinyima. Mwombe mwenye hoteli akuwekee chumba kwa mwezi mwingine. Hivyo mpishi atapata kitu, na wewe hutakuwa umempelekea ugonjwa.

Kwa namna gani? Virusi hivi hukaa hewani katika mahali palipofungwa, hasa penye watu wengi. Ufukweni penye upepo hatari ni ndogo sana. Hatari kubwa imo katika kufika huko. Matatu za watu 14 ziliamriwa kuchukua 8 tu, lakini hata watu 8 hupumua hewa moja ikiwa vioo vimefungwa. Abiria mmoja hulalamika baridi ya Limuru, kioo chafungwa, na safari nzima yaendelea hivyo. Afadhali koti zito na kioo wazi, na barakoa ifunike pua, si kidevu. Familia moja katika gari lake, ikilala mahali pake na kula nje chini ya mwembe, haifanani kabisa na marafiki kumi waliokwenda kukesha katika jumba la muziki, ingawa wote husema wamekwenda Mombasa.

Kabla ya kuondoka, mume na mke wakubaliane mambo machache wazi, kwa maana penye furaha ni vigumu kukata shauri. Nani akikohoa safari yavunjika, hata kama tikiti imelipwa? Tuna fedha za kukaa siku 14 zaidi, ikiwa tutaugua huko au njia zitafungwa? Tutamtembelea nani? Kama ni mzee au mgonjwa wa moyo, tutaketi naye barazani, tusiingie ndani, wala tusikae mpaka usiku. Na yeye aulizwe kwanza kwa simu, bila kumlazimisha kwa haya. Wazee wetu wengi hawawezi kumkataza mgeni mlango, hata wakiogopa.

Mkisha kurudi, hesabuni tena siku tano za kwanza kuwa siku za kujiangalia. Msiende msibani wala kanisani au msikitini penye watu wengi, na mwenye homa akapimwe. Watoto wasipelekwe kwa bibi yao katika siku hizo. Korosho mlizomnunulia Kilifi haziozi upesi. Zikae kabatini mpaka juma lile lipite.