Leo Ni Siku ya Soko: Vidokezo kwa Muuzaji na Mnunuzi wa Bonde la Ufa

Siku sita uwanja ni wa watoto na mpira wao wa makaratasi. Ya saba, jogoo hajawika mara ya pili, turubai zishatandazwa, punda washafungwa penye ua, na mama wa chai anapuliza makaa. Mali iliyokaa shambani miezi mitatu itaamuliwa bei kwa siku moja tu. Kesho yake ukipita utakuta majani ya kabeji na mbuzi wanaoyafuata.

Nimeuza na kununua Njoro, Molo, Mau Narok na Subukia, nikateremka hadi Mogotio na Marigat. Kote nimeona jambo moja: soko la wiki lina saa zake na vipimo vyake, na anayeumia ni mwenye mali inayooza na njia ndefu ya kurudi. Namwandikia yeye kwanza, kisha mnunuzi anayetaka kufaidika bila kumkandamiza mwenzake.

1. Ulizia siku kabla ya kuulizia bei

Kila kituo kina siku yake, vingine vina mbili. Mwenye mitumba unayemwona leo kwenu, kesho utamkuta kituo cha pili, kesho kutwa cha tatu. Anazunguka na marobota yake, na mwenye sufuria anazunguka vilevile, na mwenye mbegu, na fundi wa kuziba karai. Masoko jirani yakigongana siku moja, wachuuzi hawa hugawanyika na kila kituo hupata nusu soko. Kwa hiyo usimwamini anayekwambia "soko ni kila siku tu". Muulize mtu wa bodaboda, maana yeye ndiye anayejua ni siku gani hapati hata dakika ya kunywa maji.

Ukishajua siku, piga simu mbili jioni ya kuamkia soko: moja kwa mtu aliye kituoni, nyingine kwa mtu aliye soko la Wakulima pale Nakuru mjini. Tofauti ya bei hizo mbili, ukitoa nauli ya mzigo, ndiyo nafasi yako ya kupatana na broka.

2. Fuata saa ya mali yako

Mifugo ni ya asubuhi. Kufika saa sita mchana hao wazuri wamekwenda, na waliobaki wanajulikana kwa nini wamebaki. Mazao ya jumla, yale ya magunia, huuzwa mapambazuko, malori yakiwa bado yana nafasi. Katikati ya asubuhi hadi mchana ni zamu ya wanunuzi wa nyumbani, wenye vikapu. Kuanzia saa tisa, mwenye nyanya na sukuma anaanza kutazama barabara, na bei inashuka kila matatu inapojaa na kuondoka.

Mnunuzi, ukitaka rahisi, njoo saa hiyo. Lakini sikiliza: ukimkuta bibi amebakisha mafungu matatu ya managu, na nyumbani kwake ni mbali, usitumie uchovu wake kama silaha. Mlipe bei ya mchana. Wiki ijayo atakuwekea fungu chini ya gunia kabla hujafika.

3. Jifunze vipimo, halafu nunua mizani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi za mkulima hupotelea.

Nafaka hupimwa kwa gorogoro, mkebe ambao asili yake ni ule wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Tazama kitako chake. Kuna gorogoro zilizobonyezwa kwa ndani, na kuna zilizowekwa kitako cha pili. Tazama pia mkono wa anayepima: akimwaga polepole mahindi hulala vizuri, akimwaga kwa kasi huacha mapengo. Muuzaji mwema hukubali umtikisie mkebe. Akikataa, songa mbele, soko ni kubwa.

Viazi ndivyo vyenye kisa. Mau Narok, Molo, Elburgon na kule ng'ambo Kinangop, waru, yaani viazi, ndiyo karo ya shule na dawa ya mgonjwa. Mnunuzi huja na lori hadi shambani, huleta gunia lake mwenyewe, na juu ya mdomo wa gunia hushonea wavu mpaka mzigo unasimama na kilemba kichwani. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei imetajwa kwa gunia, kilo hazikutajwa kabisa, na kuna lumbesa zinazopita kilo 100. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa ingali inapanda malori.

Kwa nini? Mkulima wa viazi ana haraka, na mnunuzi anaijua haraka hiyo. Aina ya Shangi, inayopandwa na wengi, hukomaa upesi na kuiva upesi jikoni, ndiyo maana inapendwa, lakini pia huchipua upesi ikishachimbwa. Ukikosa ghala, huwezi kungoja bei nzuri. Mvua ikinyesha, barabara ya udongo hufunga, na lori lililofika leo huenda lisije tena wiki hii. Ukimwambia mwenye lori "nataka kilo 50", atakwambia jirani yako amekubali lumbesa.

Basi dawa ni jirani. Mwaka mmoja niliuza magunia ishirini ya lumbesa, kisha nikaazima mizani na kupima moja lililobaki. Kilo zake zilininyima usingizi. Msimu uliofuata tulikuwa nyumba saba, tukachanga mizani moja ya kuning'iniza, tukachimba siku moja na kusema bei moja kwa kilo. Mnunuzi wa kwanza aliondoka. Wa pili alipima.

Usisubiri chama kikubwa chenye ofisi na muhuri. Nyumba saba zinatosha kuanza.

4. Pima mbuzi wako kwa mahindi

Ukiteremka kutoka Nakuru kwenda Mogotio na Marigat, mali hugeuka miguu minne. Mfugaji wa huko huuza mbuzi ili anunue unga, kwa hiyo bei ya mbuzi peke yake haimwambii kitu. Swali ni moja: mbuzi huyu ananipa gorogoro ngapi? Liulize kila siku ya soko na uliandike. Jibu likianza kupungua wiki tatu mfululizo na mvua haijaonekana, uza wawili sasa, wakiwa na nyama mgongoni. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 waliongoja walipeleka mifugo mifupa mitupu, siku ambayo kila mtu amepeleka, na mahindi yako juu.

Kuna mnada maarufu wa mbuzi huko Kimalel, karibu na Marigat, mwishoni mwa mwaka, ambapo viongozi na makampuni hununua kwa bei nono. Ni jambo jema na Krismasi hunoga. Lakini mbuzi wa Desemba halipi karo ya Mei. Soko la kila wiki ndilo lenye kazi hiyo, na ndilo linalostahili ua imara, kipandio cha kupakilia na maji ya mifugo.

Mambo madogo ya ua wa mifugo: shika uti wa mgongo, fungua mdomo utazame meno, mwangalie mnyama akitembea. Kama ni wewe unayeuza, usiachie kamba kabla hujahesabu pesa. Uwe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na barua ya chifu au mzee wa kijiji inayoonyesha kwamba mnyama ni wako. Bila hizo utashindwa njiani, na mnunuzi mwangalifu hatakugusa. Na kabla ya kuondoka alfajiri, hakikisha soko liko wazi. Ugonjwa wa midomo na miguu ukitangazwa, soko hufungwa, na kumrudisha ng'ombe kilomita ishirini kwa miguu si adhabu ya mtu mmoja.

5. Salamu kwanza, bei baadaye

"Mama, habari ya asubuhi? Umeamkaje?" Halafu ndipo uulize. Anayeanza na "hii pesa ngapi?" hupewa bei ya mgeni. Omba nyongeza baada ya kulipa, kwa upole, na utaongezwa.

6. Lipa ushuru, udai risiti, halafu udai choo

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka masoko na minada ya mifugo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mtu anayekutoza asubuhi anatoza kwa niaba ya serikali unayoipigia kura. Chukua risiti kila mara. Itakuvusha kizuizi njiani, na ni ushahidi kwamba umechangia.

Umechangia nini? Kina mama hufika saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Wengine wana watoto mgongoni. Soko lisilo na choo humlazimisha mama asinywe maji kutwa nzima. Soko lisilo na mtaro huwa tope mvua za Aprili, na nyanya iliyoanguka kwenye tope haiuziki. Sizungumzii majengo ya ghorofa. Kuna masoko yaliyojengewa jengo la fahari ambalo wachuuzi hawakulitaka, wakabaki nje kwenye vumbi kwa sababu wanunuzi wanapita nje.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni wodini. Nendeni kumi, mkiwa na risiti zenu za miezi mitatu mfukoni, mseme kitu kimoja: choo na maji. Ombi moja lililorudiwa na watu kumi halisahauliki kama maombi kumi ya mtu mmoja.

7. Usiuzie mguuni mwa barabara kuu

Najua sababu. Gari linalopita ni mteja, na ndani ya soko kuna tope. Karoti za Soko Mjinga na viazi vya njia yote ya Nakuru vimesomesha watoto wengi. Lakini tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likaparamia magari, abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao walikuwa wamesimama tu, wakiuza au wakingoja gari.

Barabara hizi za kuteremka hukata breki. Rudisha meza yako nyuma, hata hatua thelathini, na muwe mmerudi wote, maana ukirudi peke yako wateja wataishia kwa aliyebaki mbele. Mnunuzi mwenye gari, nawe una sehemu yako: ingia sokoni, egesha, shuka. Ukiendelea kununua kupitia dirishani unamwita mama wa watu asogee kwenye lami.

8. Simu mkononi, macho kwenye ujumbe

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu haji tena sokoni na noti zimefungwa kwenye leso. Vizuri. Ila soma salio lako, usisome tu ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mwenzako. Na beba sarafu. Chenji imevunja biashara nyingi kuliko bei.

9. Kaa kidogo, uongee

Soko halikuanzishwa na kaunti wala na mkoloni. Katika karne ya 19 Wailchamus, kusini mwa Ziwa Baringo, walimwagilia mashamba na kuwauzia nafaka wasafiri wa misafara ya Waswahili waliotoka pwani. Wanawake wa Kikuyu walivuka kwenda kwa Wamaasai na vyakula, wakarudi na ngozi, hata nyakati ambazo wanaume wa pande hizo mbili walikuwa wanapigana.

Nalikumbuka hilo nikiwa sokoni upande wa Molo na Njoro. Nchi hii iliungua kwa mapigano ya kikabila mwaka 1992, ikaungua tena 1998, na tena 2008. Kila mara, kabla ya mikutano ya amani yenye vipaza sauti, mama mmoja mwenye maziwa ya mursik na mama mwingine mwenye kabeji walikuwa wa kwanza kutazamana tena, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Kwa hiyo nunua kwa asiye wa kwenu. Jifunze salamu yake: "chamgei" kwa Mkalenjin, "wĩmwega" kwa Mkikuyu. Jua jina la mtoto wake. Kukizuka uvumi, utakuwa na nambari ya kupiga.

10. Panga kurudi kabla hujafika

Ongea asubuhi na mwenye gari la jioni, uweke nafasi ya mzigo. Patana na mwenye hoteli achukue nyanya zilizolainika saa kumi kwa bei mliyosema saa mbili. Nunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa mchana, wakati bado una nguvu ya kuchagua. Kisha kunja turubai lako, likung'ute, na umuulize jirani wa kushoto atakuja na nini wiki ijayo, ili nyote wawili msije na vitunguu.