Upinde usio na mishale

SWALI: Ndani ya kasha la marehemu babu, hapa Lamu, tumekuta kijiti kinene chenye ncha ya chuma, pamoja na upinde mfupi wenye kamba iliyolegea. Ndugu zangu wanasema ni zeze bovu. Ni nini hasa?

JIBU: Zeze halina ncha ya chuma. Hiyo ni keke ya uta, ya kutobolea mbao. Kamba huviringishwa mara moja kwenye kijiti, kiitwacho msukano, ndipo inapokazana. Mkono mmoja hukandamiza jivu, kishikio cha juu ambacho chenyewe hakizunguki. Mwingine huvuta uta mbele na nyuma kama apigaye msumeno.

Ithibitishe kwa ncha. Itakuwa bapa, imenolewa kingo zote mbili, kwa sababu msukano huzunguka huku na huku na ncha hukata kwenda na kurudi. Kisha pitisha kidole katikati ya msukano: kama ilitumika sana, utahisi mifuo iliyochimbwa na kamba.

Wachonga milango waliitumia, ila huko kwenu namdhania babu fundi wa majahazi. Msumari mnene ukipigwa moja kwa moja hupasua ubao, kwa hiyo tundu hutobolewa kwanza, jembamba kidogo kuliko msumari. Msumari wenyewe huzungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipenye. Kama kashani mna patasi butu, isiyokata kitu, hiyo ni ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, na jibu mnalo.

Msiipige msasa, mifuo ile itafutika. Mafuta kidogo ya nazi yanatosha.