ELIMU KWA WANANCHI: RUZUKU YA MBOLEA HULIPWA NAMNA GANI?

Mkulima anaponunua mfuko wa mbolea ya ruzuku, fedha za Serikali hazipiti mkononi mwake. Yeye humlipa wakala sehemu ya bei. Sehemu iliyobaki Serikali huilipa kampuni iliyoleta mbolea hiyo. Kwa kuwa fedha hizo hazionekani, wapo wanaodhani haziwahusu. Dhana hiyo ndiyo inayowafungulia mlango wadanganyifu.

Mpango wa sasa ulizinduliwa jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nanenane, baada ya bei ya mbolea kupanda sana katika soko la dunia. Katika msimu huo wa kwanza, mfuko wa Urea wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa kwa zaidi ya Sh 120,000, mkulima aliuziwa kwa Sh 70,000. Maana yake, kwa kila mfuko Serikali ilibeba zaidi ya Sh 50,000. Aliyechukua mifuko minne alibebewa zaidi ya Sh 200,000.

Malipo hayo hutegemea namba anayopewa mkulima baada ya kuandikishwa katika daftari la kijiji au mtaa wake, pamoja na ukubwa wa shamba na mazao anayolima. Wakala huingiza namba hiyo katika mfumo wakati wa mauzo. Kwa hiyo, namba ya mkulima ni fedha. Anayemwazima mfanyabiashara namba yake kwa malipo ya soda amempa haki ya mifuko yake yote. Naye akienda dukani wakati wa kukuzia, mfumo utaonyesha kwamba amekwisha kuhudumiwa.

Jambo hili si geni. Katika mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/2009, palitokea wakulima waliosaini vocha wakapokea fedha kidogo badala ya mbolea. Vitabu vilionyesha wamehudumiwa. Mashamba yao yalionyesha vinginevyo.

Kuongeza ekari katika daftari nako ni madhara. Mwenye ekari mbili akiandika kumi, mbolea isiyo na shamba huishia kwa walanguzi, huku jirani mwenye shamba akikosa.

Ili kulinda haki yake, mkulima anashauriwa:

1. Kuhakiki taarifa zake kwa Mtendaji wa Kijiji kabla ya msimu, hasa ukubwa wa shamba na namba ya simu.

2. Kwenda kwa wakala mwenyewe, au kumtuma mtu wa kaya yake anayemwamini.

3. Kuhakikisha mfuko haujafunguliwa, na kwamba idadi iliyoingizwa katika mfumo ni ile aliyobeba.

4. Kudai stakabadhi na kuitunza hadi mavuno.

5. Kutoa taarifa mapema kwa Afisa Ugani au Mtendaji wa Kata iwapo ametozwa zaidi ya bei elekezi, au ameambiwa amekwisha kuchukua mbolea ambayo hakuichukua.

Aidha, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahali pa kuuliza waliomo katika daftari ni akina nani, na mashamba yao yako wapi. Swali hilo likiulizwa kabla ya mvua, husaidia. Likiulizwa baada ya mahindi kugeuka manjano, mbolea haitarudi.