Adabu ya Meza ya Poka Mtandaoni

Poka ya mtandaoni imewafikia watu wetu kwa njia ya simu za mkononi, na wengi walioipokea wamejifunza kanuni zake kwa haraka wakaziacha adabu zake nyuma, kana kwamba watu wasioonana uso kwa uso hawadaiani staha. Mimi ni mwenyeji wa meza ndogo ya faragha, inayowakutanisha jamaa na marafiki waliotawanyika baina ya Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na Toronto kila usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha kwa saa za pwani, ilhali wa Toronto jua lao lingali juu. Na katika kuiongoza meza hiyo nimesadiki kwamba mchezaji wa mtandaoni, maadamu hana uso wala sauti mbele ya wenzake, hujulikana kwa mambo mawili tu, yaani namna anavyoutumia muda wao na namna anavyoutumia ulimi wake, na takriban adabu yote ya mchezo huu, ukiichambua, hurejea kwenye hayo mawili.

Kwanza ifahamike kwamba meza yetu haina fedha. Kamari ni haramu katika dini ya wengi wetu, na huko Omani anakokaa mmoja wetu sheria ya nchi nayo inaikataza, kwa hiyo tunachezea sarafu za mchezo ambazo programu humpa kila mtu bure, na ambazo haziwezi kununua hata kikombe cha kahawa. Wapo masheikh wasioridhia karata hata pasipo dau, nami sibishani nao. Najua pia kwamba sifa ya mchezo huu ilienea kwa fedha: mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, aliingia katika mashindano makuu ya Las Vegas kwa nafasi aliyoishinda katika shindano la mtandaoni la kiingilio cha dola 86, akatoka na dola milioni 2.5, na wengi wakaingiwa na tamaa ya kumfuata. Wanaoifuata tamaa hiyo sina cha kuwafundisha. Ila nawahadharisha wanaocheza bure, kwa kuwa sarafu isiyo na thamani humwondolea mtu hadhari upesi, akawa anaweka zote katikati ya meza kwa karata yoyote aliyopewa, na hapo hakuna tena mchezo wa kuchezwa. Dawa tuliyoipata ni nyepesi: aliyeishiwa sarafu hapewi nyingine mpaka Jumamosi ijayo, basi kila mmoja amejifunza kuzitunza kama amana.

Kanuni zenyewe si nyingi. Namna ichezwayo zaidi ni ile iitwayo Texas Hold'em, ambayo kwayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri kutoka katika karata 52, na wawili waketio kushoto kwa alama ya mgawaji huweka dau la lazima, la pili kwa kawaida likiwa maradufu ya la kwanza, kisha kila mtu kwa zamu yake hutupa karata, au hufuata dau lililokwisha kuwekwa, au huliongeza. Baada ya hapo hufunuliwa karata tatu katikati ya meza, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila zinapofunuliwa madau huzunguka upya, ila sasa, maadamu hakuna aliyetangulia kuweka dau, mtu anaruhusiwa kupisha bila kutoa chochote. Mshindi ni aliyewakimbiza wengine wote kwa dau lake, ama aliyeunda karata tano bora kutokana na saba alizo nazo, zile mbili zake na tano za wote.

Vyeo vya karata havikupangwa kwa kubuni tu. Vimefuata uhaba: katika mikono 2,598,960 ya karata tano iwezayo kupatikana, yenye karata tano zinazofuatana ni 10,200, na yenye karata tano za jamii moja ni 5,108, na ndiyo sababu hii ya pili huishinda ile ya kwanza. Mtu akilielewa hilo hana haja ya kukariri sana. Waliozoea karata za barazani, ambako turufu ndiyo itawalayo, huteleza hapa, kwani katika poka hii shupaza haina cheo juu ya kopa wala uru juu ya pau, na wawili waliolingana hugawana fungu sawasawa. Mwenye sarafu chache naye hafukuzwi kwa uchache wake; huweka zote alizo nazo na kubaki katika mchezo, lakini hawezi kuchukua kwa mwenzake yeyote zaidi ya kiasi alichokiweka mwenyewe, na ziada yote hutengwa katika fungu la pembeni lishindaniwalo na waliobaki.

Sasa nije kwenye muda. Programu humpa kila mchezaji sekunde kadhaa za kuamua, na juu yake akiba ya muda kwa ajili ya maamuzi mazito, na akiba hiyo ni haki yake. Hakuna wa kumlaumu mtu anayefikiri kwa dhati juu ya dau kubwa. Makosa ni kuitumia pasipo haja. Meza ya watu sita, kila mmoja akichukua sekunde 20 katika kila duru ya madau, nao wote wakibaki mpaka mwisho, hutumia dakika 8 kwa mkono mmoja, na ukumbuke kwamba mwenzetu wa Maskati saa zake zimetangulia za Mombasa kwa saa moja, naye ana kazi asubuhi, kwani Jumapili kwao ni siku ya kazi. Kwa hiyo mtu asiye na neno la kufikiri na aamue upesi, wala asicheze meza nyingine tatu au kutazama mpira huku sisi tukimngojea. Akitaka kuondoka kidogo, kipo kitufe cha kukaa pembeni, na akibonye kabla karata hazijagawiwa, badala ya kutuacha tukiihesabu saa yake hadi ikatike yenyewe.

Lililo baya kuliko yote katika mlango huu ni kumchelewesha mwenzako kwa makusudi ilhali unajua umemshinda. Dau la mwisho limewekwa, mkononi mwako una karata zisizoshindika, kilichobaki ni kufuata dau na kufungua, nawe unaiacha saa iteketee hadi sekunde ya mwisho ili aliye upande wa pili aingiwe na matumaini, kisha unamkata. Hakuna kanuni ya programu inayokataza jambo hilo, wala halikuongezei hata sarafu moja. Mimi nalihesabu kuwa udhalimu, na aliyelifanya mezani kwetu akarudia baada ya kuonywa hakualikwa tena.

Ulimi una hatari zaidi, kwa kuwa kisanduku cha maandishi kiko wazi muda wote, na mtu aliyekwisha kutupa karata hana la kufanya ila kuandika. Nitatoa mfano uliotokea mezani kwetu. Katikati palikuwa na tisa ya kopa, tisa ya pau na nne ya uru. Walikuwa wamebaki wawili: mzee wetu wa Dar es Salaam, aliyekuwa akiongeza dau kama mtu mwenye tisa mkononi, na binti mmoja wa Toronto, mwenye jozi ya malkia, ambaye alikuwa amesita akipima kama afuate au atupe. Hapo kijana wa Maskati, aliyekuwa nje ya mkono huo tangu mwanzo, akaandika, "Lahaula, nimetupa tisa!" Neno hilo moja lilibadili kila kitu, maana tisa ni nne tu, mbili ziko mezani, moja imekwisha kutupwa, basi iliyobaki duniani ni moja. Binti akafanya hesabu hiyo, akafuata dau, na hadaa ya mzee, ambayo ilikuwa imejengwa kwa subira tangu karata za kwanza, ikabomoka kwa kosa lisilokuwa lake. Mzee alingoja fungu lichukuliwe, ndipo akaandika, "Mwanangu, ukishatupa karata, nyamaza mpaka mkono uishe." Kijana akajibu, "Naam, Ami, unisamehe," na tangu hapo sijamwona akirudia.

Kanuni ya kale ya poka ni kwamba kila mkono huchezwa na mtu mmoja, na maana yake ni pana: usiseme ulichotupa, usibashiri alicho nacho mwingine, usimshauri ndugu yako kwa simu, wala usiketi nyuma ya bega la mkeo ukimwelekeza ilhali wengine wanadhani wanacheza naye. Katika kumbi nyingi za hadhara za mtandaoni imeamriwa pia kwamba mazungumzo ya mezani yawe kwa lugha moja inayofahamiwa na wote. Baadhi ya watu wetu huliona hilo kuwa dharau kwa Kiswahili, nami siafikiani nao. Waswahili wawili wakikutana katika meza ya wageni kisha wakaanza kusemezana kwa lugha yao mkono ukiwa unaendelea, wageni wale wana haki ya kushuku njama hata kama wawili hao wanaulizana hali za wazazi tu.

Kuwakejeli wanaocheza vibaya ni aibu nyingine. Mtu hufuata dau kwa karata dhaifu, karata ya tano ikamwokoa, na aliyeshindwa humwaga matusi. Jozi ya ree hushindwa na jozi ya wafalme takriban mara 18 katika kila 100, kwa hiyo atakayecheza kwa muda mrefu lazima yamfike, na mwenye kulijua hilo hana sababu ya ghadhabu. Wala usimpe somo asiyekuomba; ukimfundisha mbele ya watu umemfedhehesha.

Yako makosa yanayotokana na wema, na haya ndiyo magumu kwetu. Sisi tumelelewa kuwastahi wakubwa, basi mpwa akibaki peke yake na mjomba wake hupisha tu hadi mwisho, ingawa karata zake ni za kuongeza dau, kwa kuona haya kumchukulia sarafu. Katika meza ya wawili hao pekee lisingekuwa neno. Lakini wapo wengine wanne, na sarafu alizosamehewa mjomba huwa silaha dhidi yao katika mikono ijayo, ambazo wao wenyewe wasingesamehewa na mtu. Huo ni upendeleo, na mwisho wake ni khiyana hata kama mwanzo wake ulikuwa heshima. Mimi huwaambia vijana waziwazi: mwamkie mjomba kwa shikamoo anapoingia, kisha mcheze kama unavyomcheza mgeni.

Kuhusu tuhuma za kwamba programu imepangwa, ambazo husikika kila mtu aishiwapo, ni kweli kwamba mashine zimewahi kuwa na kasoro. Mwaka 1999 wataalamu wa kampuni ya Marekani ya Reliable Software Technologies walionyesha kwamba ukumbi mmoja wa mtandaoni ulichanga karata kwa kutegemea saa ya kompyuta, na ijapokuwa mipangilio ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68, mipangilio iliyowezekana pale ilikuwa michache kiasi cha kwamba mtu mwenye kujua karata tano angeweza kuzijua zote zilizobaki. Kwa ajili hiyo chagua ukumbi ambao uchangaji wake hukaguliwa na watu wa nje. Na ukishachagua, usiirushie programu lawama kwa kila mkono ulioupoteza. Hiana iliyo karibu zaidi leo ni ya mchezaji mwenyewe: mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus iliwashinda mabingwa katika meza ya watu sita, na tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba kuiuliza mashine katikati ya mkono ni jambo dogo. Jifunze nayo mchana upendavyo, na mkono ukianza uifunge.

Mwisho ni kuondoka. Mtandao ukikukatikia, saa yako itakwisha na karata zako zitatupwa, na hilo ulikubali siku ulipojiunga. Ukirudi usidai mkono urudiwe. Ukitaka kwenda kulala, toa taarifa mkono mmoja kabla, lipa madau ya lazima yaliyokufikia badala ya kutoroka yanapokukaribia, andika kwaheri, na hasa ukiwa umetoka kushinda fungu kubwa, kaa walau mzunguko mmoja zaidi ili waliopoteza wapate nafasi ya kujaribu kurudisha chao.