SOMO: ALAMA YA MWENYE MALI
Ulinzi wa mashine, matela na zana za kazi, kwa mfano wa Bangwe, Kigoma

Tarehe 15 Mei 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania zilisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa wavuvi wa Bangwe, rasi inayoikinga Ghuba ya Kigoma kwa upande wa kusini, amri hiyo ilikuwa na maana ya kuvuta vyombo nchi kavu, kushusha mashine, kukunja nyavu na kuingiza ndani taa na betri. Lengo lilikuwa ni kuhifadhi samaki. Hata hivyo palizuka suala jengine ambalo halikuzungumzwa sana: zana ambazo aghalabu hukesha ziwani pamoja na wenyewe sasa zililala pwani miezi mitatu mfululizo, na kila mtu alijua kwamba zipo pwani.

Suala hilo si la Kigoma peke yake, wala halikumalizika ziwa lilipofunguliwa. Mvuvi wa dagaa, awe wa Bangwe, Unguja au Pemba, hufanya kazi katika usiku wa giza, kwa sababu taa yake haivuti samaki wakati wa mbaamwezi. Kila mwezi unapokaribia kutimia, vyombo hupumzika. Kalenda hiyo imeandikwa mbinguni, na mwizi anaisoma kama anavyoisoma mvuvi. Kwa ajili hiyo wakaazi na watumishi wa Serikali wanaombwa kulizingatia somo hili kwa makini, kila mmoja kwa zana aliyonayo: mashine ya boti, tela, mkokoteni, au sanduku la msumeno, randa na keekee.

ZIWA LENYE MWAMBAO WA NCHI NNE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na upana wake wa wastani ni kilomita 50 hivi. Mwambao wake umegawanyika baina ya Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Msomaji wa kisiwani atafahamu mara moja nini maana ya masafa hayo. Mashine iliyochukuliwa Katonga saa nne za usiku inaweza, ikifungwa kwenye boti nyepesi, kuwa katika nchi nyengine kabla ya adhana ya alfajiri. Huko haijulikani, na namba yake haimo katika daftari la mtu yeyote.

Tena si mashine zote zinazochukuliwa pwani. Imepata kutokea mara nyingi kwa miaka kadhaa sasa kwamba wavuvi wa mkoa wa Kigoma wanavamiwa ziwani usiku na watu wenye silaha, na kitu cha kwanza kinachotakiwa ni mashine. Hilo si wizi tena bali ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara haipungui kifungo cha miaka thelathini. Mvuvi aliyeelekezewa bunduki hashauriwi kupigania chuma. Akubali mashine iende, aokoe roho za watu wake. Kinachoweza kumsaidia baadaye ni kazi aliyoifanya mapema, akiwa nyumbani kwake, mchana, bila ya haraka.

MALI ILIYOONEKANA IKAPOTEA MARA YA PILI

Watu wengi huamini kwamba ulinzi wa mali ni kufuli, mnyororo na mlinzi. Vyote hivyo vina faida na hakuna anayevidharau. Lakini kufuli hukatwa, mnyororo hukatwa, na mlinzi ni binadamu, hulala. Swali linalosahauliwa ni hili: mali ikishaibiwa na Polisi wakaikamata, mwenyewe ataithibitishaje kuwa ni yake?

Sheria katika jambo hili iko wazi. Mtu anayekutwa na mali iliyoibiwa hivi karibuni, naye akashindwa kueleza aliipataje, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 94 ya mwaka 2007, iliyataja mambo ambayo ni lazima yathibitike kabla ya kumtia mtu hatiani kwa msingi huo: kwamba mali ilikutwa kwa mshukiwa, kwamba mali hiyo bila ya shaka ni ya mlalamikaji, kwamba iliibiwa karibuni, na kwamba ndiyo hasa iliyomo katika shitaka. Kati ya hayo, lile la pili ndilo linalowaangusha wengi. Mlalamikaji husimama akasema, "Mashine hii ni yangu, naijua kwa rangi yake." Mshitakiwa naye husema vivyo hivyo. Kiwanda kimetengeneza maelfu ya mashine za rangi moja, umbo moja na nguvu moja, na hakimu hawezi kuhukumu kwa hisia. Mahakama zimesisitiza pia kwamba mwenye mali aeleze kwanza sifa na alama za pekee za mali yake, ndipo aonyeshwe iliyokamatwa. Anayeonyeshwa kwanza kisha akaeleza, maelezo yake yana uzito mdogo.

Matokeo yake ni machungu. Mali imeonekana, iko juu ya meza, na mwenyewe anaitazama kwa macho yake, lakini anarudi nyumbani mikono mitupu.

ALAMA NA DAFTARI

Mashine ya boti hutoka kiwandani na namba yake. Namba hiyo huwa kwenye kibao kilichobandikwa katika bano linaloshika tezi la boti, na katika mashine nyingi hurudiwa kwenye kizibo kidogo cha chuma kilichomo katika bloku ya injini yenyewe. Mwizi mzoefu hukibandua kibao katika dakika chache. Kile kizibo mara nyingi hukisahau, au hakijui. Mwenye mashine na aitafute namba hiyo ya pili, fundi atamwonyesha, na aiandike. Wamiliki wengi wanajua mashine yao ina nguvu ya farasi wangapi na waliinunua kwa bei gani, lakini namba yake hawajapata kuisoma hata siku moja.

Baada ya namba ya kiwanda iwekwe alama ya mwenyewe. Rangi haitoshi, kwani rangi hupakwa juu ya rangi. Alama igongwe katika chuma kwa tindo au kwa vyuma vya kugongea herufi, na igongwe mahali pawili: pa wazi, ili mnunuzi aione na aogope, na pa siri, ambapo haionekani mpaka kifuniko kifunguliwe. Alama ya siri ajue mwenyewe na mtu mmoja wa kuaminika, basi. Herufi mbili za jina hazifai peke yake, kwa sababu A.S. ni wengi, ziongezwe namba au ishara ambayo mwengine hatakuwa na sababu ya kuichagua.

Zana za seremala na fundi wa boti huwekwa alama kwa chuma cha moto katika mipini, na kwa tindo katika bapa la tezo au mwili wa randa. Mpini hubadilishwa, kwa hivyo asitosheke na mpini. Paneli ya jua ina namba nyuma yake, na betri hukwaruzwa ubavuni. Nyavu ndizo ngumu kuliko zote. Wavu ukikatwa vipande na kuunganishwa na mwengine, hata aliyeushona huweza kuutilia shaka. Njia iliyopo ni kupitisha uzi wa rangi ngeni katika kamba ya juu kila baada ya pima kadhaa, na kuyachoma maboya alama. Haiondoi wizi wa nyavu, ila humpa mwenyewe neno la kusema.

Alama bila ya maandishi ni nusu ya kazi. Kila mwenye zana awe na daftari: jina la kitu, namba ya kiwanda, alama na pahala ilipo, tarehe ya kununua, jina la muuzaji, na risiti ibandikwe humo humo. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe anayesoma. Daftari lisiwekwe katika banda la zana, maana mwizi akibeba vyote ataondoka na ushahidi. Ukurasa wa mashine upigwe nakala na uwekwe kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika; vikundi hivyo vinatambuliwa na sheria ya uvuvi ya Tanzania Bara, na viongozi wake wanawajua wavuvi mmoja mmoja. Kwa upande wa Zanzibar nakala inaweza kuwekwa kwa Sheha.

Ikibidi mashine kuwekwa ndani muda mrefu, ipakwe grisi kabla ya kufichwa. Watu wa Kigoma wana mfano wao mkongwe. Tarehe 26 Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Meli iliibuliwa mwaka 1924, mitambo ikaonekana inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wenye kuzika mashine chini ya mchanga kwa wiki mbili tu, bila hata tone la mafuta, na waifikirie habari hiyo.

MATELA NA MIKOKOTENI

Tela lina udhaifu ambao gari halina: halihitaji ufunguo. Anayekuja na trekta au lori lake hulifunga na kuondoka nalo, na anayemwona njiani hudhani ni mwenyewe. Kwa hivyo tela lisiachwe limeelekeza ulimi wake barabarani. Liingizwe kinyumenyume, ulimi uelekee ukutani, pini ya kuunganishia ichomolewe na kulazwa ndani ya nyumba, na mnyororo upitishwe katika gurudumu pamoja na fremu, kisha ufungwe kwenye mti au nguzo iliyochimbiwa. Mnyororo uliopita katika ulimi peke yake hauna maana. Tela la lori husajiliwa na kupewa kibao cha namba yake lenyewe, na namba ya fremu imegongwa katika chuma. Kadi yake isikae ndani ya gari linalolivuta.

Mwenye mkokoteni atachomoa gurudumu moja akalala nalo. Ni kazi ya dakika mbili, na mikokoteni mingi iliyopotea ilikosa dakika hizo mbili.

MNUNUZI NAYE

Zana ya wizi haina faida kwa mwizi asiyekuwa na mnunuzi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayotumika Tanzania Bara, inatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka saba kwa wizi wa kawaida, lakini hadi miaka kumi kwa anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi. Mtu ataona kwamba sheria imemwona mpokeaji kuwa mbaya zaidi, na haikukosea. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, ambayo nayo inawashughulikia wezi na wapokeaji. Anayenunua mashine kuukuu adai risiti ya mwanzo, aisome namba ya kwenye bano na ile ya kwenye bloku, na mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au Sheha. Bei ikiwa nusu ya thamani na muuzaji akitaka malipo kabla ya jua kuchomoza, hapo hapahitaji elimu ya sheria.

ZANA ZA SERIKALI

Watumishi wa umma wasidhani kwamba maelezo haya yanawahusu wavuvi tu. Katika maofisi na karakana, zana huingizwa katika leja ya bohari siku zinapopokelewa, kisha hutoka kwa mdomo: "Niazime spana, nitarudisha jioni." Jioni haifiki. Kila kinachotoka kiandikwe na kusainiwa, hata kama anayechukua ni mkuu wa idara, na hasa akiwa ni mkuu wa idara, kwani mtunza bohari huona haya kumdai. Ikumbukwe kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, uzembe wa mtumishi unaoisababishia mamlaka ya umma hasara unaweza kuwa kosa la jinai. Kuona haya si utetezi.

MALI IKIIBIWA

Taarifa ipelekwe kituo cha Polisi siku ile ile, na kwa mali ya majini Polisi Wanamaji waarifiwe pia. Mlalamikaji ahakikishe kwamba namba na alama, pamoja na ile ya siri, zimeandikwa katika maelezo yake tangu siku ya kwanza. Akisikia mali iko katika nyumba fulani, asiende kuitoa mwenyewe. Upekuzi ufanywe na Polisi mbele ya shahidi, na hati ya vitu vilivyokamatwa isainiwe hapo hapo, la sivyo mshitakiwa atasema aliwekewa.

Kumpiga mshukiwa ni kosa, na akifa ni mauaji. Tena mtu aliyeuawa hawezi kusema mashine alimuuzia nani wala imevushwa kupitia mwalo gani.

Akifika kituoni, mwenye mali achukue daftari na nakala ya ukurasa unaohusika. Nakala aikabidhi kwa mpelelezi, na daftari lenyewe arudi nalo nyumbani.